Minyoo kwenye Bahari ya Mama Mkubwa

Juzi niling'olewa jino. Daktari akaniagiza nisukutue kinywa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, na niache vyakula vya moto kwa muda. Nilipofika nyumbani nilikoroga maji yangu kwenye bilauri, nikapiga funda la kwanza, nikashindwa kulitema. Nilibaki nimesimama mbele ya sinki, mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta wa kanisani, kwa sababu ladha ile ilikuwa imenirudisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Bibi, kule Makambako. Humo ndani mtoto alikuwa amechovya kidole kwenye maji, akakilamba, na uso wake ukajikunja kwa mshangao.

Mtoto huyo ni mimi. Wakati huo nilikuwa ndio kwanza najua kusoma kwa kuunganisha silabi. Mama yangu alikuwa mwalimu huko Mawengi, milimani Ludewa, na mimi aliniacha kwa Bibi nisome mjini. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya tofali za kuchoma, imeinama kidogo upande mmoja, na upepo wa Makambako, ambao wenyeji tumeuzoea kama wengine walivyozoea mbu, ulikuwa ukipiga filimbi kwenye bati mchana kutwa. Nyumba ilinukia moshi wa kuni za miwati, viazi vya kuchemsha, na mahindi yaliyorundikwa kwenye chumba cha mbele.

Ndipo akaja Mama Mkubwa, dada yake mama, na mahindi yakahamishwa.

Alikuja na lori la Mjomba Festo. Mjomba alikuwa akipeleka viazi Dar es Salaam, na safari hiyo, akiwa anarudi, alizunguka hadi Tanga kumchukua dada yake, ambaye mumewe alikuwa amefariki. Tulitoka wote kumpokea. Nilitarajia kitanda, kabati, masufuria, vitu vya mtu anayehama. Mama Mkubwa alishuka na begi moja la nguo. Nyuma ya lori kulikuwa na sanduku kubwa la kioo lililofungwa kwa magodoro, mawe yaliyolowa ndani ya matenga, ndoo zenye mifuniko, na madumu, madumu, madumu.

"Kamwene," Bibi akamsalimu.

"Kamwene, mama."

"Mzigo wako uko wapi?"

"Ndio huu." Kisha akaniona mimi nimejificha nyuma ya gauni la Bibi, akainama, akajaribu kutabasamu. "Nimewaletea bahari."

Mtu mzima angejua hiyo ni namna ya kusema. Mimi nilikuwa sijawahi kuona bahari hata kwenye televisheni, na mtu aliyetoka huko alikuwa anasema ameileta. Nilishuhudia kwa macho yangu madumu yakimiminwa kwenye kioo, mawe yakipangwa, na taa ndefu ya buluu ikiwashwa juu yake. Nilipolamba kidole na kukuta chumvi, shaka zote zikaisha. Kilichonisumbua kilikuwa kingine. Nilimfuata Mjomba Festo alipokuwa anakagua matairi.

"Mjomba, sasa watu wa Tanga wanaogelea wapi?"

Alinitazama, akaelewa, akafanya uso wa huzuni. "Wamekaa tu ufukweni na taulo zao. Wanasubiri irudi."

Niliwahurumia watu wa Tanga kwa muda mrefu.

Samaki walikuwa watatu. Wawili walikuwa na rangi ya chungwa na mikanda myeupe, wadogo, wakiishi bega kwa bega. Wa tatu alikuwa mkubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, bluu, mkia wa njano, na kazi yake ilikuwa kuzunguka tangi zima mara kwa mara, akisimama kila jiwe kama anayekagua. Jina lake lilikuwa Karani. Jina hilo alipewa na marehemu, Baba Mkubwa Hamza, ambaye alikuwa akitunza matangi ya samaki kwenye hoteli moja ya pwani, na hoteli ilipofungwa akapewa lile dogo kuliko yote achukue nyumbani. Karani alikuwa akila majani ya mwani kutoka vidoleni mwa Baba Mkubwa. Vidole vya Mama Mkubwa alivikataa. Alingoja mpaka mkono utoke ndipo ale.

Bibi hakuingia chumba kile. Kama ana neno alisimama mlangoni, akasema, akaondoka. Umeme ukikatika, Mama Mkubwa alikuwa akilifunika tangi kwa mablanketi kama mgonjwa wa homa, maana maji yale yalizoea joto la pwani na Makambako mwezi wa sita si mahali pa mchezo. Bibi aliyaona mablanketi yake yakielekea kule na kusema tu, "Hata blanketi." Baba Mkubwa naye, Bibi hakumtaja kwa jina. Alisema "yule wa Tanga." Nilidhani ni kwa sababu jina lake lilikuwa gumu.

Mama Mkubwa mwenyewe, baada ya kumaliza kupanga mawe, alilala. Sikumbuki namna nyingine ya kusema. Aliamka kuongeza maji, kufuta kioo, kula kidogo, halafu akarudi kitandani mle mle chumbani, amegeukia ukuta. Watu walipomuuliza atakaa mpaka lini, alijibu, "Maji yakitulia nitajua." Kazi ya kulisha samaki ikawa yangu, na niliipenda kuliko kitu chochote. Nikitoka shule nilivuta kigoda, nikaweka paji la uso kwenye kioo, nikakaa humo mpaka niitwe kula.

Katika safari yake iliyofuata, Mjomba Festo alileta maji mapya na kifurushi. Kilitoka kwa Bakari, rafiki wa Baba Mkubwa aliyefanya naye kazi hotelini. Ndani ya mfuko wa maji mlikuwa na kipande cha tumbawe laini, kijani kibichi, chenye vidole vingi vinavyopepea. Mama Mkubwa aliushika mfuko kwenye mwanga kwa muda.

"Ni rambirambi," akasema. Akalibandika tumbawe kwenye jiwe la katikati, akarudi kulala.

Ni mimi niliyewaona wa kwanza. Siku moja palikuwa na kitu kama petali ndogo ya rangi ya kutu kwenye shina la lile tumbawe jipya. Siku nyingine zilikuwa nyingi. Zilikuwa bapa kama zimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi, ndogo kuliko punje ya mchele, na nyuma zilikuwa na ncha kama mkia uliogawanyika. Nilidhani ni maua mpaka petali moja ilipoanza kutembea. Haikuwa na miguu. Iliteleza tu juu ya jiwe kama mafuta juu ya mchuzi, ikapanda, ikafika mahali ambapo mwanga wa taa ulikuwa mkali zaidi, ikatulia na kujitandaza. Wengine walikuwa huko tayari. Walikuwa wanaota jua, kama sisi tulivyofanya ukutani mwa darasa kabla ya kengele, tukisukumana tupate pale penye joto.

Nilikuwa na maswali mengi mno. Mdomo wao uko wapi? Wanamjuaje mama yao? Mmoja nilimwona amejikata mwenyewe, kipande kikaenda huku na kipande kikaenda kule, na vyote viwili vikaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilifikia uamuzi wangu: yale mawe yalikuwa yamezaa. Ilikuwa habari njema, na habari njema mtu hakai nayo. Nilikwenda kitandani nikamgusa Mama Mkubwa begani.

"Mama Mkubwa, mawe yamezaa."

"Hm."

"Yamezaa watoto wekundu. Wengi sana. Wamelifunika lile la rambirambi lote, halifungui vidole tena."

Aligeuka. Alinitazama kwanza mimi, kisha akatazama tangi kwa mbali, kisha akaondoa blanketi na kuja bila viatu kwenye sakafu ya saruji baridi. Aliinama mbele ya kioo. Nilingoja anisifu.

"Mungu wangu," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ni wazuri, eti?"

"Mwanangu, hii ni minyoo."

Neno hilo nililijua. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tumepangwa mstari shuleni, tukapewa kidonge cha kutafuna, na mwalimu akatuonyesha picha ambayo ilinifanya nisile tambi mpaka likizo. Minyoo ilikuwa ndani ya tumbo. Nikaangalia tangi kwa macho mapya.

"Kwa hiyo bahari inaumwa tumbo?"

Mama Mkubwa alicheka pumzi moja kupitia puani. Ilikuwa mara ya kwanza. Kisha akachukua simu yake ya kitochi, akampigia Bakari, akaweka sauti kubwa na kuiegemeza kwenye kioo, labda ili mikono iwe huru, ingawa mimi nilidhani ni ili Bakari awaone.

"Shemegi!" Bakari alikuwa akisema hivyo, kwa g, na kila neno lake lilikuwa na mwendo wa kutopenda haraka. "Wekundu? Bapa? Basi wametoka kwangu. Wallahi nimekuletea balaa ndani ya pole. Nisamehe."

"Usiseme hivyo, shemeji. Niambie nifanye nini."

"Wakiwa wachache hawana neno. Wakijaa, wanaliziba tumbawe lisipate mwanga, linakufa. Sasa, ipo dawa. Ile ya minyoo ya mbuzi, ya maji, levamisoli. Lakini hiyo tupu, usichukue iliyochanganywa na dawa nyingine. Na sikiliza, shemegi, hapa ndipo watu wanapoua matangi. Yule mnyoo ana sumu mwilini. Akiwa hai haitoki. Akifa, inamwagika majini. Wakifa wote kwa pamoja, samaki wako nao safari. Usitie dawa kabla hujawanyonya. Wanyonye kwa mpira, leo, kesho, keshokutwa, mpaka uchoke. Ndipo utie. Na uwe na maji mapya ya kutosha, na ule mkaa wa kuchujia wa marehemu, upo?"

"Upo kwenye begi lake."

"Basi. Hamza angekuwepo..."

Duka la dawa za mifugo la Makambako lilikuwa na ile iliyochanganywa tu, kwa hiyo Jumamosi tulikwenda Njombe, mimi na Mama Mkubwa. Hakuwa ametoka nje ya geti tangu aje. Alivaa koti la Bibi. Njombe ilikuwa na ukungu mpaka saa nne, na dukani watu walikuwa wamejikunyata kwenye foleni, mmoja ameshika kuku chini ya kwapa. Muuzaji alikuwa kijana wa Wanging'ombe, mchangamfu, aliyewajua wateja wake kwa mifugo yao.

"Levamisoli tupu ipo. Mbuzi au kondoo?"

"Samaki," Mama Mkubwa akasema.

"Samaki wa bwawani? Perege?"

"Wa baharini."

Kijana aliangalia nje kupitia mlango, kuelekea kwenye ukungu, kana kwamba huenda kuna kitu kilikuwa kimetokea asubuhi hiyo bila yeye kuambiwa. "Mama, bahari iko wapi?"

"Iko kwetu Makambako," nikamjibu, kwa kuwa alikuwa ameuliza vizuri. "Iko chumba cha mbele."

Foleni nzima ikacheka, na mwenye kuku akacheka kuliko wote. Nilikasirika. Lakini Mama Mkubwa naye alikuwa anacheka, mkono mdomoni, na machozi yakimtoka. Kijana alitaka kujua kila kitu. Wanakula nini? Minyoo ina rangi gani? Alitufungia chupa kwa gazeti, akatuambia tukirudi tumpe habari, maana yeye hajawahi kutibu mgonjwa asiye na miguu.

Wiki ile tulinyonya minyoo. Mama Mkubwa alishika mpira mwembamba, akavuta kwa mdomo mpaka maji yaanze kushuka, akauelekeza juu ya jiwe, na wale wekundu wakang'oka mmoja mmoja na kukimbia ndani ya mpira mpaka kwenye ndoo, ambako nilikuwa nimeshika kitambaa cha kuchujia chai. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayetoroka. Maji yaliyochujika yalirudi kwenye tangi. Minyoo ilibaki kwenye kitambaa kama majani ya chai, na nilipoitazama kwa karibu ilikuwa bado inateleza, bila wasiwasi, ikitafuta mwanga. Niliionea huruma kidogo. Sikuwa nimesahau kwamba mwanzo niliifurahia.

"Wana kosa gani?" niliuliza.

Mama Mkubwa alifikiri. Hilo nililipenda kwake, hakuwahi kunijibu kabla ya kufikiri. "Hawana kosa. Huko kwao baharini yupo wa kuwala, na lipo wimbi la kuwapeleka mbali. Hapa tumeleta kipande tu cha bahari, hatukuleta wale wa kuwazuia. Kwa hiyo kazi ya wale wote inabidi tuifanye sisi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba bahari ilikuwa imebaki Tanga, na kwamba watu wa Tanga hawakuwa na shida yoyote. Niliona haya, lakini pia kichwa kilinizunguka. Kama hiki ni kipande, nzima ikoje?

Bibi alikuwa anapita mlangoni mara nyingi kuliko kawaida. Alisikia habari za mkaa. Siku ya Ijumaa alisimama kizingitini na debe la mkaa wa miwati, ule mzuri, unaolia kama kengele ukigongana.

"Nimesikia maji yanahitaji mkaa," akasema akiangalia pembeni.

"Mama," Mama Mkubwa akasema taratibu, "si huu. Huu wa kupikia una majivu, utawadhuru. Kuna wa aina yake."

"Mkaa ni mkaa."

"Asante, mama. Lakini hapana."

Bibi akaliinua debe lake na kuondoka, na kanga yake ilivyopepea unaweza kusema ilikuwa imekasirika pia.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa limeingia dirishani, Mama Mkubwa alichanganya dawa kwenye jagi na kuimimina polepole mahali pampu inapotupa maji. Mwanzo hakikutokea kitu. Halafu mnyoo mmoja alijikunja kama kipande cha plastiki karibu na moto, akaachia jiwe. Akafuata mwingine. Mara tangi zima likajaa wekundu wanaozunguka, kutoka kwenye nyufa na chini ya mawe na ndani ya mchanga, mahali ambapo hatukuwa tumewaona kabisa. Tulidhani tumewamaliza wengi. Tulikuwa tumenyonya wale waliopenda jua tu.

"Ni wengi mno," Mama Mkubwa akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Shika kitambaa! Mama! Mama, njoo!"

Bibi aliingia. Aliingia moja kwa moja kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Hakuuliza. Alichukua mpira wa pili, akauvuta kwa mdomo, akakunja uso kwa chumvi, akatema sakafuni na kuanza kunyonya. Mama Mkubwa alitumbukiza mfuko wa ule mkaa wa kuchujia, akaanza kutoa maji ya zamani kwa ndoo na kumimina mapya kutoka kwenye madumu. Wale wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wamejibana kwenye kona ya juu. Karani aliacha kuzunguka. Alisimama katikati, akipumua haraka haraka, kisha akaanza kuinama upande mmoja, taratibu, kama nyumba ya Bibi.

"Ongeza maji," Bibi akasema.

"Yamekwisha."

"Festo yuko wapi?"

Mjomba Festo alikuwa njiani na madumu mengine. Mama Mkubwa alimpigia. Lori lilikuwa limeharibika mlima Kitonga, fundi yuko chini ya gari, na Mjomba hajui atafika lini. Maji ya bahari yalikuwa yamekaa kwenye foleni ya malori mlimani na sisi tulikuwa hapa. Nilitoka nje, nikasimama barabarani nikiangalia upande wa Iringa, nikidhani nikitazama sana litatokea. Upepo ulinitia mchanga machoni. Nilirudi ndani.

Mama Mkubwa alikuwa amepiga magoti, mkono wake wote umo majini, kiganja kimefunguka chini ya Karani. Hakumshika. Alimwekea tu mahali pa kuegemea. Na Karani, aliyekuwa akivikataa vidole vile tangu Tanga, aliegemea. Wawili hao walikaa hivyo muda mrefu. Bibi aliendelea kunyonya minyoo iliyokufa. Mchana ulipogeuka, Karani hakuwa anapumua tena.

Mama Mkubwa alimtoa, akamlaza kwenye sahani. Nje ya maji bluu yake ilikuwa inafifia huku tukiiangalia. Nilitaka kuuliza rangi inakwenda wapi, nikajizuia.

"Samaki hazikwi," Bibi akasema. "Huliwa. Tangu nizaliwe sijaona kaburi la samaki."

Bibi akapangusa mikono kwenye kanga, akatoka, na tulipomfuata tulimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mparachichi, amekwisha kuchimba kwa jembe shimo linalomtosha mbuzi. Tulimweka humo, amefungwa kitambaa changu cha chai. Bibi alifukia, akashindilia udongo kwa mguu, halafu akabaki ameegemea mpini.

"Alikufaje mumeo?"

"Mama, uliambiwa."

"Niliambiwa. Sikuuliza."

Mama Mkubwa alikaa chini pale pale, kwenye majani makavu. "Alikuwa anabeba ndoo. Alisema kifua kinambana, akaiweka chini vizuri, hata haikumwagika. Nikaenda kumletea maji ya kunywa. Niliporudi..."

Bibi alikwangua udongo kwenye jembe kwa mguu.

"Na mlimzika kabla sijafunga mzigo," Bibi akasema. "Nilikuwa nimekwisha kuomba nauli na nguo za safari. Nikaambiwa amekwisha kuzikwa. Nikasema, basi, hawakunihesabu kama mtu."

"Kwao hawangoji, mama. Ndivyo dini yao. Hata mimi walinihimiza. Ningeweza kuwangojesha, ningekungoja wewe. Nilikuhitaji."

Mimi nilidhani Mama Mkubwa analia kwa sababu ya samaki, nikamwambia asilie, wale wawili wako salama, nimewaona wanakula. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio kikubwa cha msibani, na Bibi akaliacha jembe lianguke, akakaa chini naye, akamkumbatia kichwa. "Pole, mwanangu," alikuwa akisema. "Pole kwa Hamza. Pole kwa Hamza." Nilishangaa jinsi lile jina lilivyokuwa rahisi.

Mjomba Festo alifika kesho yake kanisa likitoka. Tulibadilisha maji tena. Baada ya hapo sikumwona Mama Mkubwa amelala mchana. Wale wawili waliogopa siku chache, kisha wakarudi kwenye makazi yao. Na lile tumbawe la rambirambi, ambalo lilikuwa limefunga kama ngumi, asubuhi moja lilikuwa limefungua vidole vyake vyote, kijani, virefu kuliko lilipokuja, vikipepea upande mmoja na kurudi. Mama Mkubwa alimpigia Bakari kumwambia. Mara hii hakuweka sauti kubwa, na walizungumza muda mrefu, zaidi habari za Hamza, naye alikuwa anacheka mara kwa mara.

Nimekuwa mtu mzima nikijaribu kueleza watu kwa nini niliishia kusomea viumbe wadogo, ambao wengi hawawaoni ila wanapodhuru, na mara zote nimesema mambo ya shule na walimu. Si kweli sana. Ilianzia kwenye kigoda kile, paji la uso kwenye kioo baridi, nikitazama kitu kisicho na mguu kikitembea.

Ilikuwa baada ya shule, juma moja au mawili tangu tumzike Karani. Bibi alikuwa ameanza kuleta kazi zake chumbani. Alisema mwanga wa dirisha lile ni mzuri, na siku hiyo alikuwa anamenya njegere, ungo mapajani. Mama Mkubwa alikuwa jikoni anakanda unga wa maandazi. Mimi nilikuwa kwenye kioo. Chini kabisa, mchangani, penye kivuli cha jiwe, palikuwa na petali moja ya rangi ya kutu. Nikaangalia vizuri. Ikasogea.

Nilisita kusema. Niliogopa Mama Mkubwa atarudi kulala.

"Mama Mkubwa," nikaita hatimaye, "mmoja amebaki."

Alikuja na mikono imejaa unga mpaka viwikoni, akainama. Bibi naye aliweka ungo chini, akaja, akavaa miwani yake. Tulikaa vichwa vitatu mbele ya kioo, tukimtazama yule mnyoo akitoka kwenye kivuli bila haraka na kuanza kupanda kuelekea kwenye taa.

"Basi tutarudia," Mama Mkubwa akasema.

"Lini?" Bibi akauliza.

"Festo akileta maji ya kutosha. Mwezi wa nane, baridi ikipungua. Mara hii tutayaweka madumu tayari kabla ya kitu chochote." Akafikiri kidogo. "Na mwakani tena, ikibidi."

Mwakani. Nililisikia neno hilo, na Bibi alilisikia, maana aliganda. Tangu aje, Mama Mkubwa hakuwahi kuzungumza habari za siku iliyo mbali kuliko kesho. Donge la unga wake lilidondokea ukingo wa tangi.

"Nenda kamalize maandazi yako kwanza, unachafua maji," Bibi akamwambia, akivuta kigoda karibu na kioo. "Huyu nitamtazama mimi."